Chui wa Nyuma ya Nyumba

Shoga, nimejifungia bafuni. Sitoki!

Asubuhi nimetuma picha kwenye lile grupu la wapenda wanyama. Nimeipiga kupitia dirisha la jikoni: madoa meusi katikati ya majani. Nikaandika, "Chui nyuma ya nyumba yetu!"

Yule daktari wa mifugo, mjuaji wa kila kitu, akajibu: "Jike zee. Limeshiba. Msilisogelee."

Jike zee! Na mimi na kidomodomo changu nikaongeza: "Kweli daktari, hata tumbo linaning'inia."

Kumbe ni mama mkwe! Kainama anapalilia, na lile gauni lake la madoadoa!

Na yumo kwenye grupu, shoga. Nilimwingiza mimi, aone picha za paka.

Ameandika sasa hivi: "Mkwe wangu, jike zee limemaliza kupalilia. Toka bafuni, linataka kuoga."