Bakora Aliyoiacha Mutua

Shauri Moyo, Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Hujambo wewe na hao mbuzi wako? Magoti je, bado yanakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Sisi huku tu wazima, ila jicho langu la kushoto limevimba hata halifunguki. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unafoka halafu unakata, na jambo hili nataka ulisikie hadi mwisho.

Mambo yalianza Jumatano. Mjukuu wako Mwende alikuwa akikesha na simu siku za shule, nikamnyang'anya, nikamwambia ataipata Jumamosi. Mtoto akapandwa na mori. Alishika kigoda akakipiga ukutani mpaka miguu ikang'oka, sufuria ya githeri akaipindua. "Mathe, nipe simu yangu!" Baba, sikufichi, mikono iliniwasha. Nikaikalia. Nikamwambia taratibu, "Jumamosi. Na hiyo githeri utaizoa." Alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Kisha akazoa.

Nilidhani yameisha. Kumbe Mama Achieng, jirani tunayepakana naye ukuta, alimpigia simu kaka yangu Mutua, naye akakupigia wewe. Kesho yake Mutua akaingia bila hodi, ametoka moja kwa moja kwenye karakana yake ya vinyago, na bakora ambayo hata msasa hajaipiga.

"Baba amesema huyu atandikwe," akasema.

Alimchapa Mwende mgongoni mara mbili kabla sijainuka. Ya tatu niliipokea mimi usoni. Damu ikanijaa jichoni. Mwende akapiga yowe, "Anko, utamuua mathe!" Naye Mutua akainua tena. Hapo utulivu wote ulinitoka. Nilimuuma mkono, bakora ikaanguka, nikamsukuma nje kwa bega na kuubamiza mlango wa chuma. Vidole vyake viwili vilikuwa bado kwenye fremu. Nilivisikia vikivunjika.

Inaniuma sana, baba. Ni mkono wake wa patasi, ule ulioufundisha wewe mwenyewe. Nilimpeleka hospitali huku leso iko usoni, tukakaa benchi moja. Nimemwomba msamaha kwa kumvunja vidole. Kwa kumtoa nje sikuomba.

Sasa naambiwa unakuja kumaliza kazi. Njoo, chakula na kitanda vipo. Ila Mwende hapigwi tena humu, si na Mutua wala na wewe. Ukiinua mkono nitasimama katikati vilevile, ingawa wewe ndiye mtu ninayemwogopa kuliko wote.

Simu alirudishiwa jana, kama nilivyosema. Hata asante hakusema.

Msalimie mama, umwambie asilie. Msalimie na shangazi wa kwaya.

Bakora ilibaki humu. Nilitaka kuitia kwenye jiko, Mwende akanizuia. Ameipiga msasa mpaka inang'aa, akaisimamisha nyuma ya mlango. Anasema ni ya babu, ya magoti. Anajua unakuja. Unachokuja kufanya sijamwambia.

Binti yako,
Ndunge