Aliposema "Rudi", Nikarudi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza ujue unasoma barua ya mtu aliyezaliwa na bahati mkononi, maana mwaka huu wa 1975 natimiza miaka kumi na moja kwenye usukani, Mombasa nimefika, Lusaka nimepeleka mafuta nikala na wenyeji kama ndugu zangu wa tumbo moja, na katika miaka yote hiyo gari langu halijagusa kitu, si mti, si mtu, si hata kuku, mpaka hapa kijijini kwetu Kang'ata wananiita Sadala Mkono wa Heri, na shule yenyewe niliishia darasa la tano.

Sasa Jumanne ya wiki jana nilikwenda na lori la kijiji mpaka Mombo kuchukua mbao za banda letu la kisomo cha watu wazima, nikaegesha pale uwanjani mabasi yanaposimama ili abiria wapate kula, nikapakia mbao, utingo wangu Habakuki akaenda kunywa chai, nami kwa kuwa sipendi kupoteza muda nikawasha gari na kuanza kurudi nyuma peke yangu, polepole, kistaarabu, ndipo nikasikia mtu nyuma anapiga kelele, "Rudi! Rudi!", nikasema moyoni, huyu Mwenyezi Mungu amemleta aniongoze, nikarudi, akazidi kusema rudi, nikazidi kurudi, mpaka nikasikia kishindo.

Kumbe ni mzee Semboja, Mshambaa anayeteremsha kabichi kutoka Lushoto, na nimeupanda uso wa Pijo lake, pikapu, taa moja imepasuka na boneti imekunjika kama mkeka.

"Wewe bwana, huna masikio?"

"Shikamoo mzee. Si wewe uliyesema rudi?"

"Nilisema rudi ulikotoka."

"Mzee, gari likirudi linarudi nyuma. Hata Lusaka ni hivyo."

"Basi ungebaki hukohuko Lusaka."

Abiria waliacha machungwa yao wakagawanyika, nusu wanasema rudi ni nyuma, nusu wanasema rudi ni kwenu, na basi lao likachelewa kwa ajili ya Kiswahili. Mzee anataka nimtengenezee gari lake, mimi nasema alinielekeza mwenyewe, tena alilileta nyuma yangu wakati lori langu linanguruma. Kamati ya kijiji inakaa mwisho wa mwezi, na mwenyekiti amesema kosa likiwa langu ufunguo wa lori anapewa Petro, kijana mwingine wa kijijini ajuaye kuendesha, mimi nirudi shambani, na mshauri, jembe na mimi hatujaonana siku nyingi. Sasa Mama Mwatumu, muuza maandazi wa palepale, ambaye kila nikipita humbebea unga wake bila nauli, ameniambia, "Mwanangu Sadala, usihangaike, mimi nitasema Pijo lilikuja lenyewe likakugonga." Sijamkatalia, na usingizi haupatikani. Nifanyeje?

Sadala Mhina, Kang'ata, Handeni

*

Ndugu Sadala,

Pole, na barua yako imenichekesha mpaka chai ikapoa. Lakini kucheka siyo kukubali.

Umenitajia Mombasa, Lusaka, mbao, machungwa na maandazi. Kioo cha pembeni hukukitaja hata mara moja. Dereva wa miaka kumi na moja anaeleza alivyorudi nyuma na kioo hakimo? Nijibu hilo: kilikuwa kinatazama nini? Mwenye kurudi nyuma ndiye mwenye kuangalia. Sauti ya mtu usiyemwona haishiki usukani, iseme rudi au iseme karibu chakula. Utingo wako alikuwa kwenye chai, ungemngoja amalize kikombe. Kosa kubwa ni lako.

Mzee naye ana lake. Aliyeweka gari mkiani mwa lori linalonguruma asijifanye malaika. Kwa hiyo usibebe yote, lakini usimwambie hivyo kabla hujakiri la kwako, maana mzee akianza kwa kulaumiwa hasikii tena.

Sasa fanya hivi. Nenda kwake mwenyewe, usitume mtu. Mtafutie fundi Korogwe wa kunyoosha ile boneti, na taa ununue wewe, hata kwa kuuza mbuzi. Ujira wa fundi mgawane. Kwa kamati usisubiri kuitwa, nenda useme kabla hawajauliza. Na Mama Mwatumu umwambie leo, siyo kesho, aendelee na maandazi. Kumbebea mtu unga ni wema. Ukiudai ulipwe kwa uongo, ilikuwa nauli tangu mwanzo.

Ukishamaliza niandikie, na jibu la kioo usilisahau.

Bibi Filomena

*

Mpendwa mshauri,

Nimekwenda. Mzee Semboja alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kumbe unajua kusema taratibu," akanipa kabichi mbili. Taa nimenunua, mbuzi ameondoka, fundi tumegawana. Mama Mwatumu amenuna siku mbili, kisha akaniuliza unga wake utakuja lini.

Kamati imempa Petro ufunguo kwa miezi mitatu. Shambani sijarudishwa, nimefanywa utingo, nasimama nyuma ya lori letu na kuongoza, na nimepiga marufuku neno "rudi" kijiji kizima. Kwetu sasa ni "nyuma" na "mbele" tu. Mwalimu wa kisomo ameyaandika ubaoni.

Kioo, mshauri, kilikuwa kinanitazama mimi. Nilikigeuza asubuhi nichane nywele, sikukirudisha.

Na ile bahati ya miaka kumi na moja ni uongo. Kuku peke yao ni watatu.

Sadala