Sifuri za Akinyi

Jumatatu, 3 Juni 1996

Kawangware tangu asubuhi. Wanawake sita kwenye benchi nje ya zahanati, wote miezi ya mwisho. Nasoma swali, wanataja namba, natia alama. Sifuri ni huogopi hata kidogo. Tano ni unaogopa sana. Watafiti wanapima woga wa kuzaa na wanataka namba tu. Mmoja alisema haogopi kuzaa, anaogopa sista wa wadi. Fomu haina nafasi ya hilo. Nikaandika mbili.

Kila mmoja huniuliza mimi ni mama nani. Nasema naitwa Rasoa. Wanageukia fomu tena.

Baridi. Nimerudi chumbani kwangu Satellite, nimekula ugali wa jana. Sijaongea na mtu tangu saa kumi.

Jumanne, 4 Juni

Kibera, Kisumu Ndogo. Matope hadi kwenye vifundo. Akinyi, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia. Mumewe Otieno yuko kazi ya mjengo Athi River, huja mwisho wa mwezi. Msichana alijibu upesi upesi. Sifuri. Sifuri. Sifuri mpaka swali la mwisho, na vidole vyake vinachambua omena ambazo tayari zilikuwa safi. Nikaomba kuona kadi yake ya kliniki. Hana. Hajaenda hata mara moja.

Asiyeogopa angekuwa na kadi. Hilo nalijua mimi.

Lakini tulifundishwa. Soma swali, andika jibu, usishauri, usisimulie yako. Nikafunga faili nikaondoka.

Alhamisi, 6 Juni

Ofisini. Bi. Njeri, msimamizi wetu, amesifu fomu zangu. Safi, hazijafutwafutwa. Nikamwambia kuna mwanamke ambaye sifuri zake si za kweli. Akasema kazi yetu si kuamua ukweli. Hana ubaya. Ana picha ya watoto watatu mezani.

Nina hasira, na sijui ni na nani.

Jumamosi, 8 Juni

Si siku ya kazi. Nilienda Kisumu Ndogo mikono mitupu.

Nilianza kwa jirani yake, Mama Ouma, anayekaanga samaki mlango wa pili. Akaniambia dada mkubwa wa Akinyi alikufa wadini akijifungua, mwaka juzi, na Akinyi alikuwa amekaa nje ya mlango akingoja kuitwa. Sasa ameapa hatakanyaga hospitali. Atajifungua ndani ya nyumba yake, amejifungia, asimwambie mtu.

Nikaingia kwa Akinyi. Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikavunja sheria. Nilimwambia kwamba mwaka wa themanini na saba mimi pia nilijifungia ndani, kwa sababu niliogopa wadi. Kwamba mtoto alikuwa amekaa vibaya, kukakucha, kukachwa. Kwamba jirani alipovunja mlango msichana wangu alikuwa ameshatoka, na hakulia. Kwamba mume wangu alihama mwaka uliofuata. Miaka tisa sijamwambia mtu. Sauti ilitoka kavu, kama ninasoma fomu.

Akinyi hakunipa pole. Alisogeza omena kando. Kisha akasema, "Naogopa mpaka silali, Auntie. Nikisema, ni kama nakiita kifo."

Nikamwambia umeshasema, na hakijakuja.

Akauliza kama siku hiyo nitakwenda naye kliniki. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimempitia asubuhi kabla ya kazi. Bado. Nitampitia kila siku.

Jumatano, 12 Juni

Nilimkuta ameshika mwimo wa mlango, jasho linamtoka. Wanawake wanane wa Laini Saba walikuwa wakinisubiri na fomu. Niliwaacha.

Tulitembea. Tulifuata reli, kisha tukapanda hadi kliniki ya watawa. Uchungu ukija alisimama, akaning'inia shingoni mwangu kwa uzito wake wote. Tulipofika kwenye vibanda vya jua kali mafundi waliacha kugonga mabati mpaka tukapita. Hakuna aliyewaambia.

Mlangoni sista aliuliza mimi ni nani wake.

Akinyi akasema, "Huyu ni mtu wangu."

Wakaniruhusu nimshike mkono. Aliogopa kwa sauti kubwa, kwa Kijaluo, na hakuna aliyemgombeza. Saa tisa mchana, msichana. Alikawia kulia. Nilihesabu kimoyomoyo. Nilifika saba.

Akalia.

Nilitoka nje nikatapika kando ya ukuta. Halafu nikarudi ndani.

Ijumaa, 14 Juni

Bi. Njeri anajua. Nilimwambia mwenyewe. Fomu ya Akinyi imetolewa, haihesabiki tena. Hakufoka. Alisema, "Rasoa, umeharibu kipimo." Nikasema ndiyo, nimekiharibu. Aliniangalia kama anataka kuuliza kitu, akaacha.

Kazi imeishia hapo. Nimerudisha faili na kalamu. Naogopa. Sijutii.

Jumapili, 23 Juni

Nilirudi Kisumu Ndogo. Nyumba ya Akinyi ina kufuli. Mama Ouma alisema Otieno alikuja juzi akawapeleka Siaya kwa mama yake. Walikimbilia basi. Mtoto mzima, ananyonya. Hapana, hakuacha ujumbe.

Nilisimama pale. Manyunyu yakaanza. Mama Ouma akanisogezea stuli chini ya bati lake, nikaketi. Aliuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Vihiga. Akasema aliwahi kupita huko akiwa msichana, kuna mawe makubwa. Nikasema ndiyo, kuna mawe makubwa. Aligeuza samaki.

Mvua ilipopungua nikashika njia ya Satellite. Nimefua gauni la kazi, nimelitundika ndani. Halitakauka leo.