Nilikuchora, Ukawa Mimi

Dada yangu Eliaika,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa Majengo, hapa mjini, katika vyumba viwili ulivyoingia wewe kwanza na mume wako Naftali, na ambamo sasa ninaishi mimi na mume huyo huyo. Sijapata bado namna ya kuandika sentensi hiyo bila mkono kusita.

Nataka nikueleze habari ya picha. Lakini nikianza na picha hutanielewa, kwa hiyo ngoja nianze na barabara ya Marangu, tulipokuwa tunashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe. Unakumbuka ulivyonifunga mzigo wangu mdogo, kisha ukajitwika wako mkubwa? Njia nzima ya kupanda ulikuwa ukiniambia, "Tangulia wewe, nikuone." Kama nikiteleza, unidake. Kama nikichoka, usinipite. Nilikwenda mbele yako miaka yote hiyo, na sauti yako ikinijia nyuma ya kisogo. Nikitaka kukukumbuka, sauti inakuja mara moja. Uso hauji.

Hilo sikulijua mpaka mwanao Aisa aliponiuliza.

Ulimwacha mchanga sana, mwaka ule wanaume walipokuwa wanarudi kutoka vitani. Homa ilikuchukua kabla hajaanza hata kucheka. Mama akaniambia nifungashe nguo, niende mjini nikamlee mtoto wa dada yangu, na mimi nikashuka. Baadaye wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakakubaliana kwamba shemeji asitafute mke mbali. Wakaniuliza mbele ya watu kama naridhia. Niliinamisha kichwa kama msichana anavyotakiwa kufanya, watu wakadhani naona haya. Dada, niliinamisha kichwa ili wasione kwamba nimefurahi.

Sikumtamani ukiwa hai, Mungu ni shahidi yangu. Lakini nilikuwa nimekaa katika nyumba ile, nimemwona akimbembeleza mtoto kwa mikono yake ya useremala iliyojaa sugu, nimemwona akikulilia kwa siri nyuma ya mbao zake, na moyo ukaenda. Ilinichukua muda mrefu kuacha kumwita shemeji. Siku nilipoacha, hakuna aliyegundua isipokuwa mimi.

Aisa ameanza shule sasa. Watoto wa mtaani wakamwambia kwamba si mimi niliyemzaa. Hakulia. Alikuja akasimama mlangoni na slati yake kifuani, akaniuliza, "Yule mwingine alikuwa anafananaje?"

Nikasema, "Alikuwa mzuri."

"Mzuri vipi?"

Nikautafuta uso wako, nikaisikia sauti tu.

Hukupigwa picha hata moja. Tulikuwa tunasema tutakwenda kwa mpiga picha siku ya Krismasi, kisha Krismasi inapita. Kwa hiyo nikaazimia kukuchora. Usicheke. Alikuwapo bibi wa Kizungu niliyekuwa nikimfulia nguo, ambaye kila jioni mawingu yakifunguka alikuwa akitoka barazani kuuchora mlima. Alinikuta siku moja nimesimama na kapu la nguo, nimesahau kazi, naangalia tu. Tangu siku ile akawa ananiachia kipande cha karatasi na brashi kuukuu. Alipokuwa anarudi kwao, akanipa rangi zake zilizobaki, zile za mafuta zinazokaa ndani ya mirija ya bati. Nimechora migomba, nimechora jogoo wa jirani. Mtu sikuwahi kumchora.

Naftali akanipigia randa ubao laini, bila kuuliza wa nini. Bibi yule alichora milima na maua tu, kwa hiyo kijani na buluu zilikuwa tele, kahawia ilikuwa imekauka mrijani. Nikachanganya nyekundu na kijani, nikaongeza njano kidogo kidogo, mpaka ikatokea rangi ya ngozi yetu. Nilipoipata nilifurahi kama mtoto. Kisha nikakwama kwenye macho. Watu walizoea kusema tunafanana. Nikatundika kioo dirishani, nikawa natazama kioo, nachora, natazama kioo, nachora.

Aisa alirudi kutoka shuleni akaikuta picha imesimama ukutani. Akapiga makofi. "Mama! Umejichora!"

Niliigeuza picha ile ikatazama ukuta. Nilikaa kitini nikiwa nimeshika brashi, mchuzi ukaungua jikoni. Nilikuwa nimechukua nyumba yako na mume wako, mtoto wako ananiita mama, na sasa nimekuchukulia hata uso, niuvae mimi.

Jumamosi iliyofuata nikaufunga ubao kwenye khanga pamoja na rangi zangu, nikapanda lori la kwenda Marangu. Mama alikuwa anamenya ndizi uani. Nikaufungua mbele yake, nikamsalimu, bila kumwambia ni nani. Akafuta mikono, akauinua kwenye mwanga.

"Huyu ni wewe," akasema.

"Nilimchora Eliaika, mama."

"Niliwazaa wote wawili, Aikande. Huyu ni wewe."

Ndipo nikalia. Nikamwambia yote, hata lile la kuinamisha kichwa. Mama hakuacha kumenya. Akasema, "Mimi ndiye niliyekutuma kule. Ulitaka ukae na mume bila kumpenda? Nani angefaidika?" Nilitaka maneno hayo yanitoshe. Hayakunitosha, lakini aliweka kisu chini, akasogeza kigoda karibu yangu, akasema, "Toa rangi zako."

Tulikaa pale kihambani, kati ya migomba na mibuni, mpaka kivuli kikahama. Mimi nachora, mama anasema. Nyusi zako zilikuwa zinakaribia kukutana. "Hapana, siyo hivyo, umezifanya nene." Mdomo wa juu ulikuwa mwembamba kuliko wangu. Jicho la kushoto lilikuwa linalegea kidogo ukichoka, "na alikuwa anachoka mara nyingi, yule." Hilo sikuwahi kulijua. Uliubeba mzigo mkubwa ukanificha uchovu wako. Nikafuta, nikapaka, nikafuta tena kwa kitambaa. Mama akawa anasema hapana, hapana, hapana. Mara akanyamaza. Nilipogeuka, alikuwa ameziba kinywa kwa ncha ya khanga. Akainuka, akaenda zizini, akakaa huko na ng'ombe.

Nilirudi mjini nimekushika mapajani, rangi bado mbichi. Naftali alikuwa uani na msumeno. Alipokuona alivua kofia. Akaweka msumeno chini, na chai niliyompelekea hakuigusa. Nilimwonea wivu, dada. Wivu juu yako, uliyelala chini ya udongo, kwa sababu mwanamume alivua kofia. Ukaja wivu, ikaja aibu nyuma yake, na vyote viwili bado vimo humu ndani ninapokuandikia. Jioni alikuja akapigilia msumari mwenyewe, akakutundika mahali ambapo mwanga wa dirisha unafika, kisha akanishika bega akaacha mkono pale. Sikuuondoa.

Aisa alikuja akasimama mbele yako. Safari hii hakupiga makofi.

"Huyu simjui," akasema.

"Ni mama yako aliyekuzaa. Anaitwa Eliaika."

"Na wewe?"

"Mimi ni mdogo wake."

Sikuwahi kulisema hilo kwa sauti katika nyumba hii. Niliogopa angeniacha, akuendee wewe. Hakwenda popote. Alikutazama nyusi, akakutazama lile jicho lililochoka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama vile unamsikia, "Yeye analijua jina langu?"

Nikamwambia, "Ndiye aliyekupa."

Pumzika, dada. Siombi uniambie kwamba sina kosa. Nitaendelea kumlea na kumpenda baba yake, na nitakuwa nikiona haya mbele ya macho yako kila asubuhi ninapofungua dirisha. Afadhali niyaone.

Ni mimi, mdogo wako,
Aikande