Mkanda Wako, Fidea

Fidea, mtani wangu,

Nimekaa barazani kwa mama yako, hapa Mtua. Yeye ametoka kwenda kuokota korosho, akanikataza nisimfuate kwa sababu mbavu zangu bado zinauma nikiinama. Amenipa uji, amenivutia mkeka kivulini, kisha ameniacha na wewe. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa barua hii, ni yeye.

Naanza na habari kubwa, maana nakujua, salamu ndefu zinakuchosha. Radi amepigwa. Yule yule Radi wa Dar, bingwa ambaye hakuna mwanamke aliyewahi kumwangusha, ambaye picha yake ulikuwa umeibandika ukutani juu ya kitanda chako ili uamke na hasira. Amepigwa hapa hapa Nachingwea, watu wanaona. Na aliyempiga ni mimi, Somoe, gunia lako la mazoezi.

Usicheke. Au basi, cheka.

Mimi mwenyewe sikuwa na mpango. Mpiganaji ulikuwa wewe. Kocha Mbaraka aliporudi kutoka jeshini na mchezo wake ule mpya wa ngumi, mateke na mieleka humo humo, mchezo ambao watu wa mjini waliuita ngumi za ruksa, wewe ndiye uliyekwenda kumgongea mlango wa lile godauni la zamani la enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Mimi nilikusindikiza tu. Kocha akasema msichana mmoja hawezi kufanya mazoezi peke yake, ukanisukuma mbele: "Huyu hapa, ni mtani wangu, hana uwezo wa kukataa." Miaka yote ile ukawa unanibeba juu na kunitupa kwenye yale magodoro tuliyoyashonea turubai, unanikalia kifuani, unanikandamiza mpaka naona nyota. Nikinuna unaniambia Wamwera tumeumbwa laini.

Ndivyo ulivyonianza tangu darasa la tano. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeletwa kwa shangazi kutoka Narung'ombe, simjui mtu, nimeshika muhogo wangu wa kuchemsha. Ukaniuliza kabila. Nikasema Mmwera. Ukaunyakua muhogo, ukautafuna mbele yangu pole pole, ukasema wewe Mmakonde na mtani haombi, anachukua. Kesho yake nikakuvizia nikakuchukulia viatu. Ukaenda kwenu peku, unacheka njia nzima. Ukaniita mla panya, nikakuita mla panya, na jioni ile tukaenda wote kuwatega.

Sasa nisikie, maana sehemu hii wewe hukuwepo, ingawa ulikuwepo.

Malaria ilikupanda kichwani. Wiki ile ile ulikuwa umeniangusha mpaka nikajing'ata ulimi, ukaniambia ukimaliza na Radi utanipumzisha. Mfanyabiashara wa korosho aliyeandaa pigano alikuwa ameshabandika karatasi kila ukuta, jina lako na la Radi, picha ya mkanda wa ubingwa katikati. Nilikuja wodini nikakukuta unaongea na watu ambao hawapo. Nikakutania, hukujibu. Ndipo nikajua.

Asubuhi ya maziko yako shangazi alinishika mkono kabla sijapanda baiskeli. Akasema, "Kalie njiani. Ukifika huko usilie. Wewe ni mtani wao. Ukilia wewe, nani atamnyanyua yule mama wa watu kutoka chini?"

Nikaendesha baiskeli kutoka Nachingwea mpaka Mtua nikijaribu kulia. Fidea, machozi yalikataa. Nilijua yapo, lakini hayatoki. Nikafika macho makavu kama niliyetoka kufukuza ndege shambani.

Nikafanya kazi yangu. Unajua mtani anavyofanya, wewe mwenyewe uliifanya kwa babu yangu Narung'ombe, ukajilaza mlangoni na kukataza maiti isitoke mpaka upewe jogoo, na bibi yangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Basi na mimi nikajikaza. Kocha alikuwa ameziweka glavu zako juu ya jeneza. Nikazichukua. Nikazivaa. Nikasimama mbele ya jeneza nikakuigiza: unavyofuta pua kwa mkono wa kushoto kabla ya kurusha wa kulia, unavyotembea umebinua mgongo kama bata. Watu wakaanza kucheka huku wanalia. Mama yako alikuwa kalala ubavu mkekani, hajala, hajaongea. Akainua kichwa.

Nilipomwona ameinua kichwa nikapagawa. Nikasema, "Tazameni huyu mvivu. Watu wamebandika karatasi mji mzima, yeye kalala. Nyie mnadhani kaugua? Kamwogopa Radi. Haya lala, mwoga wee, lala. Nitakwenda kumpiga mwenyewe."

Mama yako akacheka, Fidea. Alicheka kwa sauti, akajishika tumbo, halafu kicheko kikageuka. Wanawake wakamkumbatia. Mimi nikadhani nimemaliza, nikaanza kuvua glavu.

Mjomba wako Kasimiri akasimama. Unamjua, hasemi ila neno likiwa limeiva. Akasema, "Usivue. Mtani akisema juu ya maiti amesema. Neno hilo halirudi mdomoni. Mmesikia wote, Somoe atakwenda."

Nikacheka nikidhani naye ananitania. Hakuna aliyenifuata kucheka. Katekista akafungua kitabu chake, watu wakakunyanyua, na mimi nikakusindikiza kaburini na glavu zako mikononi, siwezi hata kufuta jasho.

Shangazi aliposikia alikaa chini. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema. Kocha alikwenda kwa mjomba wako kumsihi. Alimweleza kwamba mimi kazi yangu ilikuwa kuangushwa, sijawahi kupigana mbele ya watu hata mara moja, na yule mwanamke amevunja mtu mkono. Mjomba akamjibu kwamba yeye hajamtuma mtu, aliyejituma ni mtani. Mfanyabiashara ndiye pekee aliyefurahi. Alitaka mtu yeyote mwenye mikono miwili.

Nitakwambia ukweli, sikumwogopa Radi. Nilikuwa naogopa nisipokwenda, kicheko cha mama yako siku ile kitakuwa cha bure. Atakaa hapa barazani, atakumbuka alicheka mbele ya jeneza la mwanawe kwa sababu ya maneno ambayo aliyeyasema hakuyatimiza. Hilo ndilo lililonitoa usingizi. Mkanda sikuuwaza.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakapanda madirishani. Waliotoka Ruangwa walikuja na lori la magunia. Radi aliingia ananukia manukato, amesuka rasta ndogo ndogo, akaniangalia kuanzia miguu mpaka kichwa, akamuuliza kocha wake kwa sauti, "Ndiyo huyu?" Watu wakacheka. Hata watu wetu.

Raundi ya kwanza sikumbuki sana. Alinipiga. Nakumbuka ladha ya damu na nakumbuka Kocha ananiambia ninyanyue mikono, na mimi nikiona nimeinyanyua. Mbavu zilikwenda hapo. Nilipokaa kwenye kona nikasubiri unitukane, kisha nikakumbuka.

Raundi ya pili akanibeba na kunibwaga. Akanikalia kifuani. Ukumbi wote ukasimama, maana wanajua Radi akishamkalia mtu hakuna tena, ni kungoja mwamuzi amwonee huruma. Lakini mwenzangu, hawakujua kitu kimoja. Mimi pale chini nilikuwa nyumbani. Nimeishi chini yako miaka na miaka. Najua uzito wa mtu unavyohama kabla hajarusha ngumi, najua pumzi yake ikikata atafanya nini. Juu sijui kitu, lakini chini nakujua hata nikifumba macho. Radi alinyoosha mkono wa kulia akiharakisha, kama ulivyokuwa unaharakisha ukiona nimechoka. Nikaudaka. Nikapandisha miguu, mmoja juu ya bega, mmoja shingoni, nikafunga. Ile kabali ya miguu uliyokuwa unaichukia, ambayo nilikufanyia pale tu uliponiudhi kweli kweli.

Aliniinua juu nikiwa nimemng'ang'ania na kunipigiza chini. Sikuachia. Akaniinua tena. Nikasema moyoni, ukinitoa mimi hapa, utakuwa umening'oa miguu kwanza. Halafu nikasikia kiganja chake kinagonga mkeka, ishara ya kukubali kushindwa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba.

Hakuna aliyeamini, hata mwamuzi alichelewa. Kisha sijui nikwambieje, paa lilitaka kung'oka. Mtu alinibeba, mtu alinimwagia maji. Na mimi, Fidea, jambo la kwanza nililofanya ni kugeuka kwenye kona kukutafuta nikutukane. Nilikuwa na tusi tayari mdomoni, tamu, ungekufa kwa kicheko. Nikaona ndoo na taulo.

Walinivisha mkanda. Redio ya mtu ilikuwa inapiga muziki. Kila mtu analia kwa furaha, hata Kocha Mbaraka, na mimi macho makavu. Wakasema Somoe mgumu kama mninga. Niliogopa siku ile, rafiki yangu. Nilidhani nimeharibika ndani.

Kesho yake nikaja hapa. Nimepanga yote njiani: nitaingia jikoni bila hodi, nitafunua sufuria ya mama yako, nitakula mboga yake yote na mkanda kiunoni, nitamwambia huu ndio ushuru wa mtani. Nikaingia. Nikafunua sufuria. Mama yako alikuwa sebuleni mkekani na dada zake, bado wamejifunga kanga za msiba. Akaniona, sura imevimba, kijiko mkononi.

Akasema, "Rudisha mfuniko."

Nikarudisha. Nikafungua mdomo niseme ya kuchekesha, akainua mkono.

"Umefanya kazi yako, mtani, na neno lako umelitimiza. Sasa utani nimeshiba. Nimebaki sina binti." Akasogea, akapiga pale mkekani kando yake. "Ukitaka, kaa. Lakini ukikaa hapa umekuwa mfiwa. Hutasimama tena kumtania Fidea, wala mimi, wala nyumba hii. Fikiri kwanza."

Sikufikiri. Labda ningefikiri, maana kile ndicho kilikuwa chetu, mimi na wewe, hatukuwa na kingine. Hatukuwahi kuambiana neno moja la upole tangu tujuane. Nikakaa, nikajifunga kanga aliyonipa, na kabla sijafunga fundo yakaja.

Nililia, Fidea. Nililia kwa kelele mpaka majirani wakaja kuuliza nani tena kafa. Mbavu zinachoma, kamasi zinatoka, mama zako wadogo wananishika, na mama yako ananiambia lia, lia, mwanangu, hakuna anayekuzuia hapa. Nililia mpaka jua likaenda. Siku tuliyokuzika nilikuwa nacheka, kwa hiyo kwangu mimi umezikwa siku hii niliyolia.

Mkanda ameufunga kwenye kanga yako nyekundu, ameuweka sandukuni pamoja na gauni lako la Jumapili. Ni wako. Mimi nilikuwa nao njiani tu.

Mengine yamebadilika kidogo. Pale godauni sasa kuna wasichana, wamekuja wenyewe, wengine wametoka Ruangwa wanalala kwa shangazi, ananung'unika na kuwapikia. Kocha anataka niwafundishe, nami najua kufundisha jambo moja tu, namna ya kukaa chini ya mtu bila kukata tamaa. Radi ametuma salamu, anataka turudiane Dar. Nitakwenda. Atanipiga pengine. Sijali sana.

Kinachonisumbua ni kwamba mara nyingi nakuona mahali na tusi linakuja ulimini, nalimeza. Siruhusiwi tena. Nimepata mama, nimekupoteza mara ya pili, na hili sijamwambia yeye. Nakwambia wewe. Nimekuandika "mtani wangu" pale mwanzo kwa kuiba.

Basi pumzika. Nakuahidi haya, na safari hii sisemi kwa utani. Mama yako hatapalilia peke yake. Hatakula peke yake nikiwa hai. Na zamu yake itakapofika, maana itafika, watani watajaa hapa uani kucheka na kudai jogoo wao, watatafuta mtoto wa marehemu wamchokoze. Watanikuta mkekani, nimejifunga kanga. Nitalia kwa ajili yangu, na nitalia kwa ajili yako, sehemu ambayo ingekuwa yako.

Kwaheri.

Dada yako,
Somoe