Fahali Aliyekwenda Mnadani

Mjukuu wangu Hadija,

Huku Garsen tu wazima, alhamdulillahi. Mto umerudi kwenye kingo zake, na bibi yako yuko Idsowe anapalilia mpunga. Anasema umekonda.

Umeniuliza kama utoe picha unayoipenda kwenye mnada wa kuchangia hospitali, ikachukuliwe na mtu asiyeijua. Nikwambie yaliyonipata ujanani, nilipokuwa mpiga picha.

Tulifanya harambee ya vitanda vya zahanati. Nilitoa picha niliyoipenda kuliko zote, ya fahali mwekundu akivuka mto. Sikujua ni wa nani. Unajua desturi yetu: mtu akinunua jogoo wa harambee, humrudisha auzwe tena. Picha yangu nayo ikawa inanunuliwa na kurudishwa, nami nimenuna, nikidhani hakuna anayeitaka.

Mwishowe akainunua Mzee Guyo, mfugaji ambaye ukame ulimmalizia ng'ombe wote. Akalipa, akaifunika kwa shuka lake. Mnadi akamwomba airudishe mezani.

"Hapana," akasema. "Huyu ng'ombe yangu. Amefika nyumbani, harudi mnada."

Mnadi akachukua jogoo aliyefuata.

Basi itoe, mama, wala usiisindikize kwa macho. Juzi nilipita kwa marehemu Guyo. Picha bado iko ukutani, na wajukuu wake, ambao hawakumwona fahali yule hata siku moja, wanamwita kwa jina lake.

Ni mimi babu yako.