Sabuni Iliyogoma Kutoka Kifuuni

Mjukuu wangu Zubeda,

Huku Masuguru wote wazima, na mimi babu yako wa ukoo, mwenye ndevu nne, nazidi kupendeza. Unauliza kwa nini sabuni zangu naziuza ndani ya kifuu.

Mwaka jana nilijigamba kwamba wageni wa arobaini ya kuzaliwa kwa mdogo wako watanawa kwa sabuni yangu. Nikaimimina kwenye vifuu vya nazi bila kuvipaka mafuta. Asubuhi ya shughuli ikagoma kutoka! Nikataka kutorokea Handeni.

Bibi yako, dada yangu, akacheka: "Fundi, punguza mdomo. Wape hivyo hivyo."

Wageni wakafurahi, maana kwa kushika kifuu sabuni haiwatelezi ikaanguka matopeni. Wakaniagiza nyingine.

Sifa nazichukua mimi, mjukuu wangu, ila dua namwombea yeye.

Babu yako kijana,
Athumani